Meso za Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Umande mwingi asubuhi, sketi imelowa mpaka magotini. Nimechuna mstari wangu, Mzee wake, safu nzima ya michai kati yetu. Ndivyo tunavyochuna siku zote. Mzee ni baba wa mume wangu, na kwetu Wakisii mkwe hamkaribii mkwe. Tunaita chinsoni. Ni aibu na heshima kwa pamoja. Simpi mkono. Siketi alipoketi. Mambo ya mwili hayatajwi kati yetu, hata mafua. Tangu mama mkwe afariki hakuna wa kutupitishia maneno, basi tumezoea kusemezana hivi, kila mtu akiongea na mchai wake. Majirani zetu hapa Kimulot, Wakipsigis, wana heshima zao na hucheka zetu.

Chuo kimefunga. Mtihani wa anatomia unaningoja tukirudi. Wenzangu wa darasa la uuguzi ni watoto, wananiita Mathe, yaani mama, vichwa vyao vinashika upesi. Changu kinataka kelele. Kwa hiyo nasoma kwa sauti nikichuna.

Leo ilikuwa meso. Kigiriki hicho, maana yake katikati. Mesodemi, tabaka la kati la mimba changa, ndilo linalotoa misuli na mifupa na moyo. Mesensefaloni, ubongo wa kati. Mesokapi, nyama ya tunda, ile tunayokula kwenye avokado. Mesofili, sehemu ya kati ya jani.

Sauti kutoka upande wa pili: "Hata hili la chai?"

Hata hilo, Tata, nikamwambia. Tata ni baba kwa Kikisii. Akararua jani, akaliinua kwenye mwanga, akalichungulia kama mtu anayekagua noti bandia. Kisha akaanza kuimba mesofili, mesofili, mpaka mwisho wa mstari, kwa besi yake ya kanisani. Hajui ni nini, ila neno limemkaa mdomoni.

Nampenda sana yule mzee. Naandika hapa kwa sababu hakuna pengine pa kusemea.


Jumatano, 4 Juni

Mzee amezichukua meso zikawa zake. Anaita tu "Meso!" na mimi lazima nitoe moja. Nikikawia anasema mahindi tuliyouza kulipia chuo yameliwa bure.

Tumefika tumboni. Mesenteri, utando unaoufunga utumbo kwenye ukuta wa mgongo usije ukaelea ovyo. Kila kipande cha ndani kina utando wake wa kukishika. Nikawa nazitaja kwa kasi, nimejisikia msomi, na kabla sijafikiri nikatangaza mesovariamu na mesosalpinksi kwa sauti ya kuhubiri. Utando wa kifuko cha mayai ya uzazi na utando wa mirija yake! Mbele ya baba mkwe! Ningeyasema hayo kwa Kikisii, wazee wangeitwa na mbuzi wa kutakasa aibu angetafutwa.

Mzee akasema hiyo ya mwisho ni tamu, rudia.

Nikarudia. Masikio yananiwaka, uso nimeufukia kikapuni, nacheka bila sauti. Kigiriki hakina mkwe. Kuna moja ya wanaume pia. Hiyo niliimeza.

Jioni nimemwekea ugali na mboga za managu kwenye benchi la barazani kwake kama kawaida, nikaondoka ndipo atoke. Sahani imerudi karibu kama ilivyoenda.


Ijumaa, 6 Juni

Sahani imerudi tena. Jana pia.

Amechuna kikapu nusu, akatangulia nyumbani. Mshipi ameulegeza, ncha inaning'inia. Mzee huyu ni ufito tangu nimjue, lakini leo chini ya koti tumbo limemtangulia. Anatembea akiwa amelishika kwa mkono wa ndani ya mfuko, anadhani sioni.

Wodini nimeuliza wanaume wazima kuhusu choo chao, rangi yake, kimetoka lini, na sikupepesa jicho. Wa nyumbani kwangu siwezi kumuuliza kama amelala vizuri.

Nimempigia Baba Kerubo. Mume wangu ni dereva wa lori la chai, yuko njiani kwenda Mombasa. Akampigia baba yake, akaambiwa niko sawa kabisa, angalia barabara. Akanipigia kunirudishia hayohayo kana kwamba ni habari. Nikamwambia mficha maradhi kilio humfichua. Akasema nisimtabirie baba yake kifo. Nikakata simu.

Nimekasirika. Chini ya hasira kuna hofu, na hofu ndiyo kubwa.


Jumapili, 8 Juni

Kanisani Mzee hakusimama wimbo wa mwisho. Besi haikusikika. Watu wakageuka.

Kogo Chelangat akaona. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na huyu ni nyanya wa kila mtu kwenye hiki kijiji, atake asitake. Kabla hatujavua viatu vya kanisa alikuwa amefika kwa Mzee na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando yenye makaa. Kwake hakuna tumbo lisilofunguka kwa mursik. "Kunywa yote, mzee. Hii itafungua wewe mpaka utashangaa."

Mzee hawezi kukataa maziwa ya jirani. Hiyo nayo ni heshima yake. Amekunywa kibuyu mpaka chini, kogo amesimama anamhesabia mafunda kama mtoto wa kliniki. Mimi nimesimama mlangoni pa jikoni kwangu, nimeuma meno. Niseme nini? Kwamba nimelitazama tumbo lake?

Baadaye nimemsikia nyuma ya nyumba yake. Aliguna mara moja, akakohoa upesi kuificha.

Kama ni ninachofikiri, maziwa yale yameingia mahali pasipo na mlango wa kutokea. Ninachofikiri sitakiandika. Naogopa nikikiandika kitakuwa kweli.


Jumatatu, 9 Juni

Amekuja kwenye chai. Nilifurahi kama mjinga. Kisha nikaona hachuni, amesimama tu kwenye mstari wake, ameegemea fimbo, kikapu kitupu.

"Meso," akasema. Sauti ndogo.

Nikampa mesokoloni, ya utumbo mpana. Akasema si hiyo. Anataka ile ya kona ya mwisho, kule chini. Nikampa. Mesosigmoidi.

Mvua ilianza kunyunyiza. Kisha akauambia mchai wake: "Mokamwana, hiyo mesosigmoidi ya mtu inaweza kujisokota?"

Mokamwana ndivyo anavyoniita, mke wa mwana. Mikono yangu ilisimama hapohapo. Alikuwa ananiambia. Alikuwa amelitafuta neno ambalo mkwe anaweza kumwambia mkwe, na amelipata, na lilimchukua siku zote hizi.

Basi tumeongea kwa Kigiriki. Sikumtazama. Nikauliza mesosigmoidi ya mtu huyo inapitisha upepo? Akasema tangu Jumamosi hapana. Maumivu yanakuja na kwenda? Yalikuwa yanakuja na kwenda, sasa yamekuja tu. Mtu huyo amewahi kupatwa nayo? Akasema mara nyingi, lakini zamani akilala ubavu yalikuwa yanaachia. Mara nyingi! Miaka yote hiyo nikimpelekea ugali.

Nikamweleza. Watu wengine, na mwalimu alituambia wazee wa milima yetu hii hasa, kitanzi cha utumbo wa mwisho ni kirefu na utando unaokishika una shina jembamba. Kinajisokota kama kamba ya ndoo kisimani. Hewa haipiti. Damu nayo ikikosa kupita, utumbo unaoza mtu akiwa hai. Nikasema mtu huyo aende hospitali leo.

Akasema mtu huyo atangoja kijana yake. Kijana yake anarudi Alhamisi.

Nikamwambia Alhamisi kijana yake atakuta watu wanachimba. Nilisema kwa Kiswahili, kavu, kwa sauti, nikiwa nimemgeukia usoni.

Alitazama chini, akachukua kikapu chake, akaenda zake ndani. Nimemkosea adabu. Na ningesema tena.

Baba Kerubo hapatikani kwenye simu. Huko nyika hakuna mtandao.


Jumanne, 10 Juni. Hospitalini

Naandika ukumbini, nikingoja.

Asubuhi hakutoka. Mlango umefungwa. Nikaita Tata, Tata, kutoka uani, nikasikia anatapika. Nikamkimbilia kogo. Akaingia yeye, mimi nikabaki nje nimebandika sikio kwenye ukuta wa mbao, nikawa namwelekeza. Gonga tumbo kwa vidole, kogo. Linalia?

"Inalia kama ngoma ya kanisa!"

Upande gani limejaa zaidi? Akajibu ni upande wote, mama, hii tumbo haina upande. Alipotoka alikuwa analia. Akasema ni ile mursik yake imemuua. Nikamwambia haijamuua mtu, tulia, nitafutie gari.

Hakuna gari. Ilikuwa saa ya kupima majani, wanaume wote wako kwenye kituo cha chai, pikapu ya jirani imeenda mjini Litein. Ikaja boda moja. Na mgonjwa wa namna ile hakai peke yake kwenye boda, lazima mtu apande nyuma amshike. Kogo ana nyonga mbovu, hawezi hata kupanda kitanda bila kusaidiwa. Nikatazama huku na huku. Nilikuwa mimi tu.

Nimesimama mlangoni pake. Nikimshika, pengine asiseme nami tena maisha yake yote, na kwa haki. Nisipomshika hatakuwepo wa kusema. Nikaingia.

Akasema, "Usiniguse, mokamwana."

Nikasema, "Nisamehe, Tata." Nikapitisha mikono kwapani, nikamwinua.

Mwenye boda mbele, Mzee katikati, mimi nyuma, mikono nimemzungushia, tumbo lake lote limejaa mikononi mwangu, gumu, la moto. Kila shimo la barabara nililiinua kutoka chini lisigonge. Kichwa chake kikalegea nyuma kikaja begani kwangu. Mvua. Pale Litein sokoni watu wametuona, na wapo wa kwetu kati yao, wamemwona mke wa mtu amemkumbatia baba mkwe. Waone.

Mimi nilisali mpaka maneno yakaniishia, kisha nikaanza kumtajia meso sikioni, moja baada ya nyingine, asije akalala. Zilipokwisha nikataja na ile ya wanaume.

Picha ya eksirei: kitanzi kikubwa kimejaza tumbo mpaka mbavuni. Wamempitishia mpira kwa chini. Nilitoka kabla hawajaanza, heshima hiyo angalau niliweza kumwachia. Lakini upepo ulipotoka tuliusikia wote kwenye ukumbi, na daktari akacheka kwa furaha. Anasema utumbo bado ni hai. Watapasua kukiondoa kitanzi, la sivyo kitajisokota tena.

Bado ni hai. Nimelilia chooni mpaka mtu akabisha.


Alhamisi, 12 Juni

Wamempasua. Wamekata kitanzi kirefu, wakaunga. Amehema vizuri, ameamka, ameuliza saa. Mungu wangu, asante.

Daktari aliuliza nani aligundua mapema hivi ni utumbo kujisokota. Nikasema mgonjwa mwenyewe. Akadhani natania.

Baba Kerubo amefika na lori lote, ameliegesha nje ya lango la hospitali kama baiskeli. Ananuka dizeli. Alipomwona baba yake amelala na mipira amelia kwa sauti, mwanaume mzima, na mimi nilimpenda upya hapohapo, hata yale ya simu nimemsamehe.

Lakini Mzee. Nilipoingia amegeuza uso ukutani. Nesi akasema ni maumivu. Nilitoka.


Jumamosi, 14 Juni

Baba mdogo, ndugu wa Mzee, amekuja kutoka Kisii. Habari ilimfikia kabla hata ya mtu kumpigia simu, ya boda na ya kukumbatiana, na imeongezwa chumvi njiani. Amenikalisha kwenye benchi la nje. Anasema hakuna anayenilaumu. Kisha amenilaumu kwa muda mrefu. Kwamba kungetafutwa mwanaume. Kwamba kuna njia za kufanya mambo. Atatafutwa mbuzi Mzee akitoka.

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa kali na lilikuwa tayari. Nimelimeza kwa sababu ni baba mdogo, na kwa sababu ana haki kidogo, na hiyo kidogo ndiyo inayoniuma.

Mzee naye amekubali mbuzi achinjwe. Kwa hiyo na yeye anaona nilikosa? Au anataka tu baba mdogo aende kwao? Sijui. Sina wa kumuuliza ila yeye.


Jumanne, 17 Juni

Naingia akiwa amelala tu. Nakunja nguo zake, nabadilisha maji, natoka.

Leo nimesimama mlangoni nikamwangalia nesi wa mazoezi, binti mdogo wa darasa la juu yangu, anamsafisha kidonda. Anamwita guka, babu kwa Kikikuyu, ingawa si Mkikuyu yeye wala Mzee. Mzee akamwambia asante, mtoto. Nimeona wivu. Wa kweli, wa kuchoma. Mgeni anamshika na anapewa asante.

Baba Kerubo anasema mpe muda. Anasema pia kwamba kama ningengoja heshima, yeye angekuwa yatima. Alisema hivyo akiwa amenishika mkono kwenye ngazi za hospitali mbele ya watu. Ilinisaidia. Haikumaliza.

Asubuhi nilichuna peke yangu. Nilijaribu kusoma kwa sauti nikaacha. Kusomea michai mitupu ni wazimu.


Ijumaa, 20 Juni

Amerudi nyumbani. Mbuzi amechinjwa. Baba mdogo amesema maneno yake, tumekula nyama, mimi upande wa wanawake na Kogo Chelangat ambaye hakuelewa lolote ila amekula vizuri. Amekuja na uji badala ya mursik. Haaminiwi tena, anasema mwenyewe, anacheka, halafu anapangusa macho.

Mzee amekula supu kidogo. Amekaa na mgongo kwangu mchana wote.

Nimekubali hivi ndivyo itakavyokuwa. Yuko hai. Nilichotaka ni hicho. Mtu hapewi vyote.


Jumatatu, 23 Juni

Baba Kerubo amerudi barabarani alfajiri. Mtoto wetu Kerubo ameenda shule. Jua limetoka, la kwanza tangu mwezi uanze.

Nilikuwa nimewaza tangu jana kuhusu kidonda. Lazima kifunguliwe kisafishwe, na zahanati ni mbali, na boda na mshono havipatani. Nilikuwa nimepanga kumwomba kogo, mimi nimwelekeze kutoka nje kama ile siku.

Nimetoka kuchuna, nimeshusha kikapu, nikamkuta Mzee kwenye benchi la barazani kwake. Amelikalia upande, ameelekea shamba. Shati amefungua vifungo vyote. Kando yake amepanga chachi, pamba, chupa ya maji ya chumvi na mkasi kama walivyompa hospitalini, juu ya taulo safi. Na chai yake. Hakuniita. Alikuwa anatazama mlima.

Kogo hakuwepo. Hakukuwa na mtu.

Nikanawa mikono. Nikanawa tena. Nikaja nikapiga magoti, nikaanza kuinua plasta polepole. Hakusonga. Kidonda ni kikavu, kisafi, kimeshika vizuri kutoka juu mpaka chini. Wameshona kazi nzuri.

Akasema ile michai ya chini imekuwa mirefu, ikatwe Julai. Nikasema ndiyo, Tata. Akasema Julai akiwa na nguvu atashika panga mwenyewe. Nikasema tutaona.

Nikamimina maji ya chumvi, nikapangusa pembeni kwa vidole.

"Mikono yako ni baridi," akasema.

Nikaomba radhi. Akanisogezea kikombe chake. Nimekishika mpaka viganja vikapata moto, kisha nikaendelea.